Kamera za infraredi pembezoni mwa hifadhi
Swali: Ndugu zangu, shamba langu la mahindi linapakana na Hifadhi ya Taifa ya Kibale, Uganda, na tembo huingia usiku. Je, kamera ya infraredi itanifaa?

Jibu: Itakuonyesha wanapopitia, kwa kuwa hupiga picha gizani bila mwanga mweupe unaowashtua wanyama, lakini picha hizo hazina rangi, wala kamera haimfukuzi tembo.

Jibu: Mimi ningechagua ya nanomita 940 (yaani urefu wa wimbi la mwanga wake wa infraredi), ambayo taa zake hazionekani kwa macho, kwani ile ya 850, ingawa humulika mbali zaidi, hutoa wekundu hafifu unaoweza kumwonyesha mwizi ilipo. Kihisi kinachoiamsha kamera ipige picha hutambua tofauti ya joto kati ya mnyama na mazingira, hivyo mchana wa jua kali huweza kumkosa mnyama.

Muulizaji: Asanteni sana. Nitanunua ya 940.