Besiboli kwa Kiswahili: niandike ninavyoipenda au niandike ilivyokuwa?

Mkeshaji wa Umoja ameuliza:

Hamjambo nyote. Nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja hapa Nairobi, zamu ya usiku, na huko ndiko nilikoambukizwa besiboli. Katika miezi ya msimu, mechi inayoanza saa moja jioni mjini New York kwetu huwa ni saa nane usiku, wageni wote wakiwa wamelala, na ile ya Los Angeles hunikuta saa kumi na moja alfajiri nikihesabu funguo ili nimkabidhi mwenzangu zamu. Jumamosi ya tarehe 27 Oktoba 2018 nilitoka kazini saa kumi na mbili asubuhi wakati mechi ya tatu ya fainali kati ya Dodgers na Boston Red Sox ikiendelea. Nikapanda matatu, nikafika nyumbani, nikachemsha chai na kuimaliza, na mechi ilikuwa bado inachezwa. Ilikwenda iningi 18 badala ya 9 (iningi ni duru ambamo kila timu hupata zamu moja ya kupiga), ikachukua saa 7 na dakika 20, na kwa saa zetu ilimalizika saa nne na nusu asubuhi. Tangu siku hiyo sijaacha kuandika kuhusu mchezo huu.

Shida yangu ni hii. Mhariri mmoja, ambaye sitamtaja wala kulitaja gazeti lake, alinirudishia makala akisema kwamba msomaji wa Kiswahili hajui besiboli ni nini, na tena kwamba naandika kama mtu anayemsimulia rafiki yake habari za mchumba. La kwanza nililitarajia. La pili liliniuma. Naomba mnisomee aya hii mniambie ukweli (straiki ni mtupo mzuri uliomshinda mpigaji, na tatu humtoa):

«Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1986, Boston walikuwa wamebakiza straiki moja tu watwae ubingwa walioukosa tangu mwaka 1918. Mookie Wilson wa New York Mets akaupiga mpira hafifu, ukabiringika kuelekea kwa Bill Buckner, mlinzi wa besi ya kwanza, mtu wa miaka 36 mwenye vifundo vya miguu vibovu, ukampita katikati ya miguu. Kwa mpira ule mmoja, Buckner aliupoteza ubingwa wa mji mzima.»

Je, nianze kwa kueleza kanuni? Nitumie maneno gani? Na mapenzi yangu kwa mchezo niyafiche?

Mzee wa Parklands amejibu:

Kijana wangu, aya yako ni tamu, lakini sentensi ya mwisho si ya kweli, na sentensi ya kwanza inampotosha msomaji kuhusu wakati wenyewe. Mimi nimeandika daftari la alama za kriketi kwa miaka mingi, kwa hiyo nilipoisoma niliuliza kwanza: mpira ulipofika kwa Buckner, alama zilikuwa ngapi?

Zilikuwa 5 kwa 5. Boston waliongoza 5 kwa 3 katika iningi ya kumi, wapigaji wawili wa Mets kati ya watatu wa kumaliza zamu wakiwa wamekwisha kutolewa na hakuna mtu kwenye besi. Gary Carter, Kevin Mitchell na Ray Knight wakapiga mmoja baada ya mwingine, ikawa 5 kwa 4. Boston wakambadilisha mtupaji, akaingia Bob Stanley, na mtupo wake mmoja ukapotoka, mdakaji akashindwa kuuzuia, Mitchell akakimbia hadi besi ya mwisho kusawazisha. Hayo yote yalitokea kabla Buckner hajauona mpira. Angeudaka na kumtoa Wilson, wangeingia iningi ya kumi na moja tu. Tena hiyo ilikuwa mechi ya sita. Ya saba ilichezwa tarehe 27, Boston wakaanza kwa kuongoza 3 kwa 0 na bado wakafungwa 8 kwa 5. Basi ni nani aliyeupoteza ubingwa?

Usidhani nakukejeli, kwa maana na sisi tunafanya hivyo hivyo. Nilikuwa Nairobi Gymkhana tarehe 24 Februari 2003 Kenya ilipoishinda Sri Lanka katika Kombe la Dunia, na ukimuuliza mtu yeyote wa rika langu atakwambia kwamba ni Collins Obuya aliyewaangamiza, wiketi 5 kwa mikimbio 24, yaani aliwatoa wapigaji 5 na kuwaachia alama 24 tu. Ni kweli kabisa. Lakini Kenya ilipata mikimbio 210 tu, na 60 kati ya hiyo ilitoka kwa kaka yake, Kennedy Otieno, ambaye hakuna anayemwimba siku hizi. Daftari linamkumbuka.

Na kwa taarifa yako, jedwali la alama la besiboli lilitengenezwa na mtu wa kriketi. Henry Chadwick alizaliwa Uingereza mwaka 1824, akahamia Brooklyn akiwa mtoto, akawa mwandishi wa habari za kriketi kabla ya kunaswa na besiboli katika miaka ya 1850. Yeye ndiye aliyeamua kwamba mpigaji aliyetolewa kwa straiki tatu aandikiwe herufi K, kwa sababu S ilikuwa tayari ina kazi nyingine. Mpaka leo mashabiki wanaandika K. Jifunze kujaza daftari hilo huko mapokezini. Kila mlinzi ana namba yake: mtupaji ni 1, mdakaji ni 2, mlinzi wa besi ya kwanza ni 3, hivyo hivyo hadi 9. Ukishalijaza, utaandika upendavyo bila kusema uongo.

Mwalimu wa Kayole amejibu:

Kaka Mkeshaji, namwachia Mzee mambo ya hesabu, mimi nizungumzie maneno, kwa kuwa nafundisha raunda na softiboli shuleni.

Huyo mhariri amekosea. Mtoto yeyote aliyesoma shule ya msingi nchini Kenya na kucheza raunda anajua kwamba kuna mtu anayetupa, mtu anayepiga, besi nne, na kwamba ukikimbia ukaguswa kabla hujafika umekufa. Wanaocheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye ploti huko mtaani wanajua auti, yaani kutolewa, ni nini. Kwa hiyo usianze na kanuni. Anayeanza kueleza kanuni ni kama mwenyeji anayempa mgeni orodha ya viungo badala ya chakula. Mwambie msomaji kwamba besiboli ni binamu ya raunda, kisha umtupe ndani ya mechi, na kanuni uieleze pale tu inapohitajika ili sentensi inayofuata ieleweke.

Kuhusu istilahi, nakushauri uchukue yanayotamkwa uwanjani: mtupaji, mpigaji, mdakaji, besi, auti, straiki. Iningi iache ilivyo, kwa sababu watu wa kriketi wanaijua na «kipindi» kitawafanya wasomaji wafikirie dakika 45. Vipimo navyo uvilete karibu. Ukisema kwamba kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27 na kidogo, mwambie kwamba ni kama madarasa matatu yaliyopangwa mstari mmoja. Ukisema mtupaji yuko mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji, ongeza kwamba mpira wa kasi ya kilomita 150 kwa saa unamfikia kabla nusu sekunde haijaisha, na hapo hutahitaji tena kumweleza mtu kwa nini kupiga ni kazi ngumu.

Jambo moja dogo. Ulipoandika kwamba mpira ulimpita katikati ya miguu, watangazaji wetu wa kandanda wangesema amepigwa tobo. Sijui kama ulilikwepa neno hilo makusudi. Mimi ningelitumia, kwa sababu lina aibu ndani yake, na aibu ndiyo iliyomfuata mtu huyo.

Msomaji wa Eastleigh amejibu:

Heshima zako, Mzee, lakini naona unamtia kijana hofu. Hakuna aliyewahi kukipenda kitabu cha hesabu za duka. Roger Angell alikuwa mhariri wa hadithi katika jarida la The New Yorker, na alipoanza kuandika kuhusu besiboli mwaka 1962 alikwenda kuketi na mashabiki, si na waandishi wa habari, akaandika alichokiona na alichokihisi mtu aliyelipa kiingilio. Alifanya hivyo kwa miongo mingi, akafariki mwaka 2022 akiwa na miaka 101, na hakuna aliyemwambia apunguze mapenzi.

Kuna wengine ambao mapenzi yao yalikuwa na kazi nzito kuliko kupamba. Wendell Smith alikuwa mtupaji mzuri ujanani, skauti wa kusaka wachezaji akamwambia angemsajili kama angekuwa mzungu. Akageuka mwandishi wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani weusi, na mwaka 1945 ni yeye aliyempendekeza Jackie Robinson kwa Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn Dodgers. Robinson alipoingia uwanjani tarehe 15 Aprili 1947, akiwa mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya 20, Smith alikuwa akisafiri naye na kuandika, na bado kulikuwa na viwanja ambako mwandishi mweusi hakuruhusiwa kuketi na wenzake. Mwambie mtu kama huyo aandike bila hisia.

Na wewe Mkeshaji, usione haya kwa kazi yako ya usiku. Bill James alikuwa soja katika kiwanda cha maharagwe ya kopo mjini Lawrence, Kansas. Akifanya hesabu zake wakati wa lindo, alijichapishia kitabu mwaka 1977, akauza nakala 75 hivi. Baadaye Boston hao hao wa Buckner walimwajiri, na mwaka 2004 wakautwaa ubingwa walioungoja miaka 86.

Mzee wa Parklands amejibu:

Umenipa mfano unaonisaidia, ndugu yangu. Huyo soja alikuwa na nini mkononi usiku kucha, kama si majedwali ya alama?

Tuseme hata habari za hao weusi waliofungiwa nje. Josh Gibson, mpigaji wa ligi za weusi, alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia. Kwa miaka mingi watu walisimulia maajabu yake, na wasiompenda wakasema ni ngano. Mashabiki na watafiti wakapekua magazeti ya zamani, pamoja na yale ya Wamarekani weusi, wakakusanya majedwali mechi kwa mechi, na Mei 2024 ligi kuu ikaziingiza takwimu za ligi za weusi katika kumbukumbu zake. Gibson akawa na wastani wa upigaji wa 0.372, yaani mara 372 katika kila majaribio 1,000, akamtangulia Ty Cobb, aliyekuwa akiongoza kwa 0.367. Waandishi wale walikuwa na hisia, nakubali, lakini kama wangeandika hisia peke yake, leo Gibson angebaki ngano.

Mkeshaji wa Umoja amejibu:

Asanteni sana. Mzee, nakiri kwamba nilikuwa nimelisikia tukio la Buckner kama watu wanavyolisimulia, nami nikalipokea lilivyo. Jana usiku nilichora daftari la alama nyuma ya kitabu cha wageni kilichojaa, nikaijaza iningi ile ya kumi mtupo kwa mtupo. Wilson peke yake alitupiwa mipira 10. Mkono uliniuma, na nilipofika kwenye kosa la namba 3 nilijikuta nimeshamhurumia Buckner kabla sijaliandika. Nimejaribu upya:

«Mpira ulipoanza kubiringika, Boston hawakuwa wakiongoza tena. Walikuwa wamebakiza auti moja, kisha wakapigwa mara tatu, kisha mtupo wao mmoja ukapotoka na alama zikawa 5 kwa 5. Hayo yote yalikuwa na wenyewe, lakini hayakuwa na picha. Picha ilikuwa ya Bill Buckner, ambaye katika maisha yake aliupiga mpira akafika besi mara 2,715, akipigwa tobo na mpira ambao mtoto wa raunda angeudaka. Siku mbili baadaye Boston waliongoza tena na wakafungwa tena. Karibu miaka 22 baadaye, Aprili 2008, Buckner alisimama katika uwanja wa Boston kutupa mpira wa ufunguzi, na watu wakasimama kumshangilia.»

Msomaji wa Eastleigh, mapenzi sikuyafuta. Nimeyahamisha tu kutoka kwa Boston kwenda kwa Buckner.

Mwalimu wa Kayole amejibu:

Hii ni bora zaidi, ingawa «hayo yote yalikuwa na wenyewe» ningelisoma mara mbili. Nimewasomea wanafunzi wangu leo baada ya mazoezi, bila kueleza kanuni hata moja. Hawakuuliza besiboli ni nini. Msichana mmoja anayecheza besi ya kwanza aliuliza kwa nini kocha alimwacha uwanjani mtu mwenye vifundo vibovu wakati timu inaongoza na imebakiza auti moja.

Mkeshaji wa Umoja amejibu:

Mwalimu, mwambie ameuliza swali ambalo Boston nzima ilimuuliza kocha John McNamara. Katika mechi nyingine za mwezi ule, timu ikiongoza mwishoni, alikuwa akimtoa Buckner na kumwingiza Dave Stapleton. Usiku ule hakufanya hivyo. Zamu yangu inaanza saa mbili, na makala itaanzia hapo.