Nina elfu hamsini: nichukue kamera na lenzi gani kwa picha za usiku, taa za omena na nyota?

Jakisumu_Usiku
Hamjambo wadau. Mimi ni mkazi wa Kisumu, mchana nauza vifaa vya ujenzi, jioni nashika kamera. Ushago ni Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria. Mtu akikaa ufuoni kule usiku usio na mwezi anaona taa za wavuvi wa omena (dagaa wa ziwani) zimetapakaa ziwani kama mji uliojengwa juu ya maji, na juu yake nyota tele. Hiyo ndiyo picha ninayoitafuta: taa chini, Njia Nyeupe (ule mkanda wa nyota, Milky Way) juu, na iwe safi kiasi cha kuchapishwa kubwa ikatundikwa ukutani. Kuna mwenye hoteli ameshaniambia nikiipata nimpelekee aione.

Kwa sasa naazima Canon 600D ya binamu yangu, ile na lenzi yake ya 18-55. Nikiacha ISO (kipimo cha kukuza mwanga) chini picha ni giza tupu. Nikipandisha, picha inajaa chenga hadi anga linafanana na mchanga. Nimeweka akiba ya sh. 50,000 na lazima itoshe kila kitu, tripodi ikiwemo. Muuzaji mmoja wa Nairobi anasema bila fulu fremu (kamera ya sensa kubwa, kile kipande kinachonasa mwanga) nisahau usiku. Wengine wananitajia Nikon D5300, wengine Sony A6000. Nisaidieni kabla pesa haijaingia karo.

Bonde_la_Ufa
Canon 6D ya mkono wa pili. Funga uzi. Sensa kubwa ni sensa kubwa, usiku hauna ujanja.

FundiLenzi_Nakuru
Ndugu Jakisumu, pole pole na hiyo 6D. Ni kamera nzuri, siibishii. Tangu ilipotoka 2012 wapiga nyota wengi wameitegemea. Lakini kwa elfu hamsini utanunua bodi (kamera bila lenzi) ubaki unaitazama. Tena lenzi za EF-S kama hiyo 18-55 ya binamu hazifungi kwenye 6D kabisa, kwa hiyo hata ya kuazima huna.

Tuanze na chenga zenyewe. Watu huilaumu ISO, lakini ISO inakuza tu kile kilichoingia. Mwanga ukiwa haba kwenye sensa, chenga zimo tayari, na ukikuza picha unazikuza nazo. Dawa ni kuingiza mwanga zaidi, na njia ni mbili: tundu la lenzi liwe pana, au shata ikae wazi muda mrefu.

Shata ina mpaka wake, kwa sababu dunia inazunguka na nyota zinageuka vistari. Kuna hesabu ya kukadiria: chukua 500, gawanya kwa urefu wa lenzi (ile namba ya mm) uliozidishwa kwa 1.5 ikiwa ni Nikon au Sony ya sensa ndogo, 1.6 ikiwa Canon. Kwa 600D ukiwa 18mm unapata kama sekunde 17. Hapo lenzi yako inafunguka f/3.5 na haisogei zaidi (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana). Ukikuza hadi 55mm inafika f/5.6, basi umejifungia nje mwenyewe.

Sasa linganisha na lenzi ya f/1.8. Kati ya f/3.5 na f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara nne. Mara nne! Ni sawa na kutoka ISO 6400 kushuka 1600 bila kubadilisha bodi. Ndiyo maana swali lako ni la bodi lakini ugonjwa uliouelezea ni wa lenzi.

Ningekuwa wewe:

Lenzi ya kwanza, Nikon 35mm f/1.8G DX kama utaingia Nikon, au Yongnuo 35mm f/2 kama utabaki Canon. Wengi watakwambia 50mm f/1.8 kwa sababu ni rahisi na iko kila mahali, nami sikatai kwa picha za watu, ila kwa sensa ndogo 50mm inabana mno. Anga unaliona kwa tundu la ufunguo, na shata inashuka hadi sekunde 6 au 7.

Tripodi nzito. Hapa ndipo watu wanajinyima halafu wanalia. Zile nyepesi za plastiki zinatikiswa na upepo wa ziwani, na sekunde kumi zote zinaharibika. Kama imekuwa nyepesi, ning'iniza mfuko wa mawe katikati.

Bodi ije mwisho. Kama binamu haoni shida kuendelea kukuazima, anza na lenzi na tripodi, uone.

Mama_Studio_Kakamega
Mulembe wote. Mwanangu, hizo nyota zinalipa karo ya nani? Mimi usiku naujua kwa mikesha ya matanga na harusi zinazochelewa. Hema, balbu mbili, jenereta inakohoa. Hapo 50mm f/1.8 na flashi ya kawaida inayogeuka kichwa, ukiielekeza juu kwenye turubai jeupe mwanga unarudi laini usoni. Na shata uiweke 1/50 au 1/100 ukiwa chini ya taa za umeme, kwa sababu umeme wetu ni hezi 50. Ukienda kasi zaidi, picha moja inatoka ya manjano na nyingine ina mistari. Wateja hawataki kusikia habari za hezi, wanataka sura ya marehemu babu kwenye fremu nyuma ya familia ionekane.

Nasema hivi kwa sababu umesema pesa ni ya kuhesabu. Nunua kifaa kitakachorudisha fedha yake.

Jakisumu_Usiku
Asante sana mama, nimekusikia, na kweli mikesha huwa naitwa mara moja moja. Mzee FundiLenzi, nimeelewa hesabu ya 500. Lakini nikitumia 35mm, anga lote litaingia? Na je, nitapanda mtumbwi au nibaki ufuoni? Wavuvi ni watu wa kwetu, hawatanikatalia.

FundiLenzi_Nakuru
Halitaingia lote. Piga picha tano sita ukihama kidogo kila mara, kila moja ikiingiliana na jirani yake kama kwa theluthi moja, kisha uziunganishe kwa kompyuta. Programu ya bure inayoitwa Hugin inafanya hivyo. Kwa kuchapisha kubwa hiyo ni faida, unapata picha yenye pikseli nyingi kuliko kamera yenyewe inavyotoa.

Ukiweza kuongeza baadaye, Samyang 14mm f/2.8 ndiyo lenzi pana ya maskini. Fokasi yake ni ya mkono tu, lakini kwa nyota hata zile za fokasi ya otomatiki utaizima. Washa kioo cha nyuma, elekeza kwenye taa ya omena iliyo mbali kabisa, kuza mara kumi, zungusha hadi taa iwe kinukta. Usiiamini ile alama ya mwisho kwenye pete ya lenzi.

Habari ya mtumbwi nawaachia watu wa ziwa.

NyarDunga
Mtumbwi, hapana, kwa picha hiyo. Tripodi juu ya maji haina kazi: mtumbwi unayumba na tripodi inayumba nao. Picha ya anga ipige ukiwa nchi kavu. Ukitaka kupanda, panda kwa picha nyingine, ya wavuvi wakivuta wavu karibu na taa. Pale taa yenyewe inamulika nyuso, utaweza kushika kamera mkononi kwa f/1.8, ISO 3200, shata 1/60 au zaidi. Na jaketi la kuokolea uvae, hata kama wao hawavai.

Sasa sikiliza kitu ambacho hawa wa Nakuru hawakukwambia. Uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, kwa hiyo ukienda Juni kwa sababu mtandao umesema Juni ndio mwezi wa Njia Nyeupe, utakuta ziwa giza. Omena inafunguliwa Agosti. Na Agosti giza likiingia ile sehemu nene ya Njia Nyeupe iko juu upande wa kusini. Ukifika mwisho wa Septemba, saa mbili usiku, imeinamia kusini-magharibi. Ukiwa Rusinga upande wa ziwa wazi, iko mbele yako na taa ziko chini yake. Oktoba inashuka zaidi na mvua za vuli zinaanza kusumbua.

Siku zenyewe ni za mwezi mwandamo. Wavuvi wa omena nao hawapendi mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawakusanyiki kwenye taa. Kwa hiyo hutagombana nao kuhusu kalenda.

Mengine madogo: pitia kwa watu wa BMU (kamati inayosimamia ufuo) uwaambie unakuja na vifaa, usionekane mgeni na tochi. Viboko hupanda kula majani usiku, usijibanze vichakani kutafuta pembe nzuri. Na wadudu wa ziwa wataifuata taa yoyote utakayowasha, wakae kwenye kioo cha lenzi. Tumia tochi nyekundu hafifu, ukiimaliza kazi yake uizime.

Bonde_la_Ufa
Sawa, lakini mnamdanganya kuhusu 600D. Sensa ile ya megapikseli 18 ina mistari kwenye sehemu za giza ukijaribu kuzifungua. Anga la usiku ni giza tupu, kwa hiyo mistari ndiyo atakayochapisha. Weka f/1.8 au f/0 ukitaka.

FundiLenzi_Nakuru
Hapo nakubaliana nawe kabisa, ndiyo maana nilisema "uone" na sikusema "ubaki". Njia ya katikati ni D5300. Ya 2013, megapikseli 24, haina kile kichujio cha kulainisha mbele ya sensa, na giza lake linafunguka vizuri zaidi kuliko la 600D. Ina kioo kinachogeuka, na kamera ikiwa imetazama juu utaishukuru kwa niaba ya shingo yako. Ina pia kipima muda cha kupiga picha mfululizo. D3300 ni ndogo na rahisi zaidi lakini kioo hakigeuki na kipima muda hicho haina.

A6000 ni nzuri pia, bodi ndogo, ila lenzi zake za f/1.8 zitakukausha mfuko.

Tahadhari moja ya Nikon: D5300 haina mota ya fokasi ndani. Ukiuziwa 50mm f/1.8D ya zamani kwa sababu ni bei ya kutupa, fokasi ya otomatiki haitafanya kazi. Kwa nyota si neno, kwa mikesha ya mama wa Kakamega utateseka. Hakikisha lenzi imeandikwa AF-S.

Mtu_wa_Busia
Mkinunua mtumba fanyeni haya muuzaji akiwa hapo hapo.

Mulika tochi ya simu ndani ya lenzi kutoka nyuma. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, wacha. Huku kwetu unyevu ni mwingi na kuvu inaenea. Funika lenzi, weka ISO 1600, sekunde 30, piga, kisha kuza picha. Vinukta vyekundu na bluu vichache ni kawaida. Vikiwa kila mahali, tafuta nyingine. Piga mbingu nyeupe kwa f/16, madoa yote ya sensa yatajitokeza.

Idadi ya mibofyo ya shata: Nikon huiandika ndani ya faili ya picha, unaipakia kwenye tovuti inayosoma, dakika moja. Canon kama 600D haiandiki hapo, inabidi waya na programu. D5300 shata yake imepimwa kwa mibofyo 100,000, kwa hiyo ukikuta imeshapita 80,000 bei ishuke sana.

Angalia pia menyu. Kuna bodi zilizotengenezewa soko la Japani ambazo hazina lugha nyingine. Jirani yangu anayo moja, amekariri vitufe kama sala.

Na pesa kwa M-Pesa baada ya kushika kamera, si kabla. "Deposit ya kukuwekea" ndiyo hadithi ya wote walioibiwa.

Jakisumu_Usiku
Wadau mmenipa darasa. Nimeamua: D5300 bodi, 35mm f/1.8G, na tripodi ya chuma hata kama nitaibeba begani kama jembe. Ikibaki chochote, betri ya pili. Mama, flashi itatoka kwenye malipo ya mkesha wa kwanza, nakuahidi. NyarDunga, nitanunua kufikia Julai ili nijizoeze Kisumu kwanza, kisha Agosti mwezi ukiandama nielekee nyumbani.

Swali la mwisho: nipige RAW au JPEG?

FundiLenzi_Nakuru
RAW, yaani faili ghafi. Kipima cha sekunde mbili ili usiitikise kamera kwa kidole. Kama lenzi ina kitufe cha kuzuia mtetemo, kizime ukiwa kwenye tripodi. Rangi ya mwanga weka kama 4000K, utarekebisha baadaye. Ukishapata anga, piga nyingine ya sekunde moja au mbili kwa ajili ya taa peke yake, maana kwa sekunde tisa za 35mm taa zitakuwa mabonge meupe. Unganisha mbili hizo.

NyarDunga
Na uende na blanketi. Upepo wa usiku Rusinga hauna undugu.

Mtu_wa_Busia
Kwani binamu anaiuza ile 600D? Mimi nina kijana nyumbani anasumbua.