Kesi ya fidia ya ajali, muda unaisha lini?

Wakuu niko Urambo, lori la tumbaku lilinigonga na bodaboda mguu ukavunjika, mwenye lori akawa ananipooza tu, mara subiri msimu mara subiri malipo ya soko, saivi miaka mitatu na miezi imepita na simu hapokei. Naweza kumshtaki?

> Pole sana. Madai ya madhara ni miaka 3 toka siku ya tukio, Sheria ya Ukomo sura 89. Na yale maongezi yenu hayasimamishi muda, hapo ndo wengi wanaliwa.

> Si 6?

> 6 ni mikataba, ardhi 12. Mkuu ukifungua saivi hakimu anaitupa, hana uwezo wa kuongeza. Muombe Waziri wa Sheria, kifungu cha 44, akiridhika anaongeza hadi nusu ya muda, yani mwaka na nusu. Usilale.