Naomba ushauri: rubani mpya, nianzie ndege za kunyunyizia kwelea kwelea au za watalii?

Habarini wakuu, poleni na majukumu. Mimi nina leseni ya urubani wa biashara (CPL), masaa ni 200 na kidogo tu, na mnajua hali ya kitaa ukiwa na masaa hayo, unapeleka CV kila hangari unaambiwa subiri. Sasa kuna njia mbili nazifikiria. Moja ni Caravan, zile ndege ndogo za injini moja, za kupeleka watalii Serengeti, viwanja vya vumbi, joto na mwinuko vinakula nguvu ya injini, muda mwingine unapita chini kwanza kufukuza nyumbu kwenye ranwei ndio utue. Nyingine ni kunyunyizia sumu kwelea kwelea, wale ndege wanaokula nafaka mashambani, hii ndo inanivuta ila pia inanitisha, maana unaruka chini chini jioni jua linazama kwelea kwelea wakirudi kulala, mwanga hafifu, nyaya za umeme huzioni vizuri, na ile fenthion, dawa inayonyunyiziwa kuwaua, ni sumu ya mishipa ya fahamu, sio perfume.

Nimeongea na marubani wawili watatu, wa watalii wananiambia niachane na sumu, mwenye uzoefu wa mashamba anasema hakuna kazi inafundisha mkono kama hiyo. Mama ndo kabisa hataki kusikia.

Maswali yangu: masaa ya kunyunyizia dawa, mashirika makubwa yanayathamini kweli ukielekea ATPL (leseni ya juu ya rubani wa ndege za abiria) ya masaa 1500? Na waliofanya, kipimo cha damu cha cholinesterase (kimeng'enya cha mishipa ya fahamu ambacho sumu hii hukizuia) mlikuwa mnapimwa kabla ya msimu au mpaka uumwe?