Paka wa Shangazi anajikuna

Shangazi Mwana: Wanangu, huyu paka wangu mkubwa hanipi usingizi kwa kujikuna. Manyoya ya kiunoni mpaka mkiani yamenyonyoka. Nimpake nini?

Idi: Mafuta ya taa 😂

Salma: Wewe! Atayalamba yamdhuru. Shikamoo Shangazi. Usimpake kitu kwanza, tuma picha.

Shangazi Mwana: Marahaba. 📷

Salma: Hapo ndipo kwao viroboto. Mchane kwa kitana cha meno membamba, zile chembe nyeusi zidondokee kwenye tishu nyeupe iliyoloa. Zikitoa wekundu, ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu aliyokunywa.

Shangazi Mwana: Mbona sijaona hata kiroboto mmoja?

Salma: Anajilamba anawameza. Akiwa na mzio, wachache tu wanatosha kumwasha hivyo.

Kaka Juma: Nina matone ya viroboto ya mbwa wangu, yamebaki. Nilete?

Salma: HAPANA kaka! Za mbwa nyingi zina permethrini, sumu ya kuua wadudu. Mbwa anaistahimili, paka inamtia degedege, hata kufa.

Kaka Juma: Loh. Nimerudisha kabatini.

Shangazi Mwana: Tishu imekuwa kama kutu!

Salma: Basi ndio wenyewe. Dawa iwe ya paka, kwa uzito wake, na wapewe paka wote wa nyumbani, hata asiyejikuna. Fua matandiko kwa maji ya moto, fagia mpaka chini ya makochi. Mayai hayakai kwa paka, yanadondoka sakafuni, ndiyo maana dozi moja haimalizi kazi.

Mama Rehema: Samahani wifi, Rehema alicheza na hao paka. Ana duara mkononi, ukingo mwekundu, katikati pako safi. Ni viroboto?

Salma: Hiyo inafanana na choa. Ni kuvu, na paka humwambukiza mtu. Mwonyeshe daktari. Shangazi, hebu kagua masikio na uso wa paka wote.

Shangazi Mwana: Mkubwa hana kitu. Ila huyu mdogo ana kipara cha magamba nyuma ya sikio. Hata hajikuni!

Salma: Choa huenda kisiwashe kabisa. Mtenge chumba kimoja, vaa glavu ukimshika. Vimelea vya choa huweza kukaa kwenye manyoya yaliyodondoka zaidi ya mwaka, kwa hiyo usafi usilegee. Daktari wa mifugo atachukua unywele aupime, kisha ndipo dawa ya kumeza na ya kuogeshea. Matibabu ni wiki kadhaa, na usiache kwa sababu manyoya yameota.

Idi: Mdogo ndiye niliyelala naye wikiendi 😳

Salma: Vua shati ujikague.

Kaka Juma: Nina vikapu viwili vya kubebea. Shangazi, kesho asubuhi nakupitia.