Iran-Contra: Reagan alikuwa muwazi, au alifungua mlango nyaraka zikiwa zimeshachanwa?

Wadau, kila tukizungumzia namna Ikulu inavyopaswa kukabili kashfa, hoja ni ileile: Rais Nixon wa Marekani aling'ang'ania kanda za mazungumzo yake zilizotakiwa na wachunguzi wa kashfa ya Watergate akaanguka, Rais Reagan akaruhusu uchunguzi wa Iran-Contra akamaliza muhula wake. Kwa hiyo eti uwazi unalipa. Mimi naipinga, na naomba mnisikilize hadi mwisho.

Kwa ambao hawakuifuatilia: Novemba 1986 jarida la Ash-Shiraa la Lebanon lilifichua kwamba Marekani inaiuzia Iran silaha kwa siri, shabaha ikiwa kuwakomboa mateka wa Kimarekani walioshikiliwa Lebanon. Baadaye ikabainika sehemu ya fedha ilipelekwa kwa waasi wa Contra wa Nikaragua, na Bunge la Marekani lilikuwa limeshakataza kuwasaidia kijeshi.

Sasa tazameni siku zenyewe. Ijumaa Novemba 21, Mwanasheria Mkuu Edwin Meese alipewa kazi ya kukusanya ukweli. Hakuna ofisi iliyofungwa. Siku hiyohiyo mshauri wa usalama wa taifa, John Poindexter, aliichana hati ya 1985 iliyobariki silaha zitolewe ili mateka waachiwe, hati ambayo kwa maelezo yake mwenyewe Rais aliisaini. Oliver North, aliyekuwa chini yake, naye alikuwa kwenye mashine ya kuchana karatasi.

Jumamosi watu wa Meese wakaingia ofisini kwa North kupekua. Wakaupata waraka uliotaja dola milioni 12 za kupelekwa kwa Contra, na huo ndio uliolipua kila kitu. Lakini North aliwaeleza wabunge baadaye kwamba wageni hao wakiwa wanasoma mafaili, yeye aliendelea kuchana. Wachunguzi wapo, mashine inanguruma! Jumanne, siku Meese alipotangaza hadharani habari ya fedha za Contra, katibu muhtasi wa North akatoka na nyaraka kazisokomeza kwenye buti na ndani ya nguo.

Najua mtanijibu kwamba aliyetangaza habari hiyo ya fedha ni Serikali yenyewe, haikusubiri kufichuliwa. Kweli. Pia Reagan aliunda Tume ya Tower ya kuchunguza sakata hili, akamleta Howard Baker kuongoza watumishi wa Ikulu, mtu aliyekuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyochunguza Watergate, na hakuwazuia wasaidizi wake kuhojiwa. Machi 4, 1987 alikiri kwenye televisheni kwamba alikuwa amekanusha kubadilishana silaha na mateka, ila ukweli na ushahidi vinasema vingine. Hilo nampa, na nampa kwa moyo mweupe, maana kwa rais kutamka vile si jambo dogo.

Ila uwazi wa kuonyesha chumba kilichokwisha kufagiliwa ni funika kombe mwanaharamu apite. Na Bunge nalo lilichangia. Kwa pupa ya kumsikia North mbele ya kamera, lilimpa yeye na Poindexter kinga: watakachosema hakitatumika dhidi yao mahakamani. Wote wawili walikutwa na hatia, wote wawili hukumu zikatenguliwa kwenye rufaa kwa sababu ya kinga hiyohiyo. Aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Caspar Weinberger, naye alishtakiwa lakini hakufika hata kwenye kesi; Desemba 24, 1992 Rais George Bush (baba), aliyemrithi Reagan, alimsamehe pamoja na wengine watano.

Kwa hiyo mimi sioni mfano wa kuigwa hapa. Naona Serikali iliyolinda kiti cha Rais vizuri sana, na wananchi wakabaki wakisoma vipande. Anayeona tofauti anijibu hili moja: kama nia ilikuwa ukweli, kwa nini ofisi ya North haikufungwa Ijumaa ile ile?