Klachi ya mafuta imebaki na hewa baada ya kubadilishwa silinda: naomba mwongozo

Mkaazi wa Muyeye

Assalam aleikum, ndugu zangu. Nina pikapu ya zamani ninayoitumia kubeba samaki kutoka Mambrui hadi Malindi mjini. Tangu ibadilishwe silinda ya klachi ya chini, ile iliyo ubavuni mwa giaboksi, pedali imekuwa laini, klachi inaachia karibu kabisa na sakafu, na gia ya kurudi nyuma hukwaruza kila ninapoiingiza. Nikipampu mara kadhaa mfululizo hupata nguvu, lakini gari likilala usiku mmoja hali hurudi ile ile. Mimi na mwanangu tumejaribu kutoa hewa kwa utaratibu tunaoutumia kwenye breki, na nafuu tuliyoipata ni ndogo mno. Je, iko njia nyingine ya kufanya nyumbani, na nitatambuaje kama ubaya ni hewa tu au ni silinda yenyewe?

Fundi wa Maweni

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Dalili hizo ni za hewa. Mafuta hayabonyei lakini hewa hubonyea, kwa hiyo sehemu ya mwendo wa pedali huishia kuibana hewa badala ya kuisukuma silinda ya chini. Na kwa kuwa silinda ya klachi husukuma mafuta machache tu, hata hewa kidogo huonekana upesi.

Kabla ya kurudia kazi, tazama skrubu ya kutolea hewa imekaa wapi. Ikiwa silinda imelala kiasi kwamba skrubu hiyo si sehemu ya juu kabisa, hewa itajikusanya mahali pengine na haitatoka hata mkikanyaga hadi magharibi. Zuia magurudumu, tia gari juu ya stendi madhubuti (usitegemee jeki peke yake), kisha fungua bolti zinazoishikilia silinda bila kuligusa bomba lake la mafuta. Iinamishe hadi skrubu iangalie juu, halafu usukume mti wa pistoni ndani kwa mkono, polepole, uuache urudi, urudie. Hewa iliyobaki katika bomba itapanda hadi kwenye kikopo cha juu kinachowekwa mafuta ya klachi, na mwanao ataona mapovu yakitokea. Kikopo kisijazwe hadi mdomoni wakati huo, kwani mafuta yatamwagika. Nakusihi pia kwamba mtu yeyote asikanyage pedali silinda ikiwa imefunguliwa, maana pistoni itaruka nje na utaanza upya.

Ukiisha kuifunga, malizia kwa njia ya kawaida: mpira mwembamba unaoonyesha ndani uvikwe kwenye skrubu na ncha yake izame katika chupa yenye mafuta safi, mwanao akanyage taratibu na kushikilia, wewe ufungue skrubu kidogo, uifunge, ndipo aiachie pedali. Pedali ikibaki chini, ainyanyue kwa mkono. Msipampu kwa haraka, kwa sababu hewa iliyo ndani ya mafuta hupasuka kuwa vipovu vidogo visivyotoka kwa urahisi. Kikopo kisikauke hata mara moja.

Mzee wa Barani

Nakubaliana na fundi, nami naongeza jambo moja ambalo wengi hulipuuza. Hewa haiingii katika mfumo uliofungika vizuri. Funua mpira wa vumbi wa silinda ya chini, kisha upapase chini ya dashibodi pale mti wa pedali unapoingia kwenye silinda ya juu. Pakiwa na majimaji, sili imekwisha. Pakiwa pakavu, washa injini, kanyaga klachi, tia gia huku mguu mwingine ukiwa kwenye breki, na usubiri. Gari likianza kutaka kwenda ilhali mguu wako wa klachi haujasogea, ishuku silinda ya juu, kwa maana mafuta hupita ndani kwa ndani bila tone kuonekana nje.

Mkaazi wa Muyeye

Ahsanteni sana, wazee wangu. Nyumbani nina chupa ya mafuta ya breki na klachi ya aina ya DOT 4 iliyofunguliwa zamani, na ndani ya kikopo mna DOT 3. Je, niichanganye?

Fundi wa Maweni

DOT 3 na DOT 4 huchanganyika bila madhara, ila DOT 5 ni ya silikoni na haifai kuchanganywa nayo. Lakini chupa hiyo usiitumie. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, ilhali yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi karibu 140. Maji hayo pia hula silinda kwa kutu. Nunua chupa ndogo iliyofungwa, na kama kikopo chako kinahudumia breki pia, zikague breki kabla ya kuingia barabarani. Yakidondokea rangi ya gari, mwagia maji mengi papo hapo, kwani huibambua.